Nyungu Zote Zibaki Pamoja

Lukeba alimzuia mke wake getini kwa mtambo wa mawese, tena mbele ya watu. Hakumzuia kwa ukali. Heri angekuwa mkali. Alimzuia kwa aibu, macho kayatupa chini kwenye buti alizopewa na kampuni, buti zilizomzidi miguu, na fimbo yake ya ulinzi kaikumbatia kifuani.

"Mama Elda, iyo nyungu haiwezi toka."

Pascasie alidhani anataniwa. Mkononi alishika nyungu ndogo ya udongo, imejaa mawese yaliyotoka motoni muda si mrefu, na kitambaa kimefungwa mdomoni pake. Wala haikuwa yake. Ilikuwa ya Zipora, jirani yao, aliyejifungua wiki hiyo na bado hajaweza kusimama sawasawa.

"Iko ya Zipora. Unaijua. Iko na alama ya musalaba pale pembeni."

"Naijua. Lakini Bwana Roger alisema mafuta yote iende mu pipa. Ya Zipora, ya wewe, yote. Nikiacha moja ipite, kesho watu wote watakuja na nyungu zao."

"Sasa wewe ni bwana yangu ao ni askari?"

Lukeba akasogea mbele ya geti. "Nyumbani ni bwana yako. Hapa ni askari."

Wanawake waliokuwa wakitoka zamu walikuwa wamejipanga nyuma ya Pascasie, miili inanuka moshi na ngazi, matunda ya mchikichi, zilizochemshwa. Walicheka. Benedicte, mwanamke mrefu wa Kizuka ambaye ulimi wake haukuwahi kukaa na njaa, akapaza sauti: "Mwache apite, sentineli! Si yeye ndiye alituuza? Mwenye kuuza duka anyimwe kopo la chumvi?"

Pascasie alirudi mpaka kwenye pipa, akafungua kitambaa, akamimina mafuta ya Zipora juu ya mafuta ya kampuni. Yalichanganyika mara moja. Akatoka na nyungu tupu, na mumewe akamfungulia geti kwa heshima zote, kama anavyofunguliwa mgeni.

*

Huo mtambo wa mawese wa Kizuka, huku Burundi, ulikuwa wa wanawake tangu mwanzo. Kikundi chao kiliitwa Dufatane, yaani tushikane, na ndani yake walikuwamo Warundi wenye michikichi yao, waliorudi kutoka ukimbizini Tanzania, na Wakongo wa Kivu Kusini kama Pascasie, ambao hawakuwa na michikichi lakini mawese waliyajua kama mtu anavyoijua njia ya kwao. Pascasie alitoka Baraka, ng'ambo ya ziwa. Yeye ndiye aliyesimamia kuchemsha, na mafuta yake hayakuwahi kuwasha koo la mtu.

Walikamua kwa mkono. Wawili wawili walishika chuma kirefu, wakazunguka nacho kama ng'ombe wa kupura nafaka, parafujo ikashuka, mafuta yakachuruzika. Walianza alfajiri, jua likiwa la utosi wakaacha. Mchana ulikuwa wa bustani, wa watoto, wa kusukana nywele na wa kusengenya, kwa kuwa mtu asiyesengenya naye huwa mgonjwa. Na kabla tone moja halijauzwa, kila mwanamke alijaziwa nyungu yake ya nyumbani. Nyungu zilipangwa kivulini kwa mstari, kila moja na alama yake. Mwenye uzazi, mgonjwa au mfiwa, wenzake walimfanyia zamu yake, Warundi huita ikibiri, na nyungu yake ilijazwa kwanza. Kilichobaki ndicho kilichokwenda sokoni. Hakuna aliyetajirika. Lakini hapakuwa na mtoto wa Dufatane aliyekula maharage makavu, yasiyo na mafuta.

Kisha akaja Roger. Mgeni njoo, mwenyeji apone, waliimba watu, maana alikuja na mashine ya injini juu ya lori, katumwa na tajiri mmoja wa Bujumbura. Hakuwa mtu mbaya. Alisalimia wazee kwa mikono miwili na aliwanunulia wanawake wote soda. Shida yake ilikuwa moja: aliamini kwamba mashine iliyolala ni dhambi. Randema, yaani uzalishaji, alisema, randema ndiyo kila kitu. Mashine ikamue mchana, ikamue usiku, mafuta yote yajae mapipa, lori lije.

Mkutano ulifanyika uani kwa mtambo, mkuu wa kilima, kama Warundi wanavyokiita kijiji, akiwapo. Roger alizungumza Kirundi cha haraka, cha watu wa mjini. Pascasie alikuwa na miaka michache tu upande huu wa ziwa, na maisha yake yote yalikuwa sokoni Rumonge na hapa mtamboni, ambako hata Mrundi akikuuzia nyanya anakuuzia kwa Kiswahili. Kirundi chake kilikuwa cha salamu na shukrani, amahoro na murakoze, na maneno mengine ya kuokoteza. Alikaa mbele, mumewe ubavuni, na mengi yalimpita. Mwisho Roger akasimama, akanyoosha kidole, akasema polepole ili wote wasikie:

"Inyungu zose zigume hamwe. Muremeye?"

Hapo Pascasie alichangamka. Maneno hayo aliyaelewa! Nyungu, anazo. Zose, zote. Zigume, zibaki. Hamwe, pamoja. Muremeye, mnakubali. Kumbe huyu bwana wa mjini ameziona nyungu zao kivulini na anaziheshimu! Akasimama bila kuombwa, akapiga makofi, akasema kwa Kiswahili cha kwao: "Ndiyo, patro! Nyungu yote ibakie pamoja, na ya wagonjwa mu kati, asitengwe mutu!"

"Ego, ego, maman, ni vyo nyene!" Roger alijibu kwa furaha, yaani ndiyo, ndiyo, ndivyo hasa, na akaja kumshika mkono. Wanawake wengine waliokuwa wanasitasita walipoona Mama Elda, mtu makini, kapiga makofi, wakapiga nao. Karatasi ya mkataba ingefuata kutoka Bujumbura. Mashine ikawashwa siku hiyo hiyo.

Tangu hapo hakuna aliyepata kitu ila posho ya zamu, ya kununulia sabuni. Ukiuliza, uliambiwa zimeguma hamwe mpaka mashine ijilipe. Nyungu zikapigwa marufuku. Zamu zikafika usiku. Mashine ilikula ngazi nyingi kuliko michikichi ya Kizuka ilivyoweza kuzaa, watu wakaanza kukata mikungu mibichi, na lori likaenda mpaka Gatete kutafuta mingine. Mafuta yakawa makali. Na kila aliyechoka alimtafuta wa kumlaumu, akamwona Pascasie, ambaye naye hakuelewa kosa lake lilikuwa lipi. Alidhani Roger ni mwongo tu.

*

Zipora alikuwa amelala kwenye mkeka, mtoto kifuani. Alizaliwa na kulelewa makambini Kigoma, akarudi Burundi mtu mzima, na Kiswahili chake kilikuwa kimepigwa pasi. Alipoona nyungu tupu alimhamishia mtoto titi la pili.

"Ni shemeji aliyekuzuia?" alisema baadaye.

"Ni yeye. Mie sina tena bwana, niko na geti."

"Usiseme hivyo. Kazi ni kazi. Ziwa limefungwa, unataka avue nini, majani?"

Ni kweli, ziwa lilikuwa limefungwa. Serikali ilikuwa imezuia uvuvi kwa miezi, samaki wazaliane, na Lukeba, mvuvi, alikuwa amezunguka nyumbani akirekebisha vitu visivyoharibika, mpaka Roger alipomwajiri ulinzi.

"Hebu nieleze," Zipora alisema. "Mimi siku ya mkutano nilikuwa kliniki. Wewe ulikubali nini hasa? Maana ninavyokujua, hukubali hovyo."

"Nilikubali nyungu yetu ibakie pamoja. Yeye mwenyewe alisema, nyungu zote zigume hamwe. Nilisikia na masikio yangu."

Zipora alimtazama. Mdomo ukaanza kumcheza. "Dada, alisema nyungu, au alisema inyungu?"

"Iko tofauti gani?"

Zipora alicheka mpaka akajishika tumbo kwa maumivu, kisha cheko likamkauka ghafla. "Mungu wangu. Dada, inyungu kwa Kirundi ni faida."

"Faida ni benefisi."

"Kwa watu wa sokoni. Mtu aliyevaa koti anasema inyungu. Alisema faida zote zibaki pamoja, zisigawanywe. Cha kupikia Warundi wanaita inkono, sisi kambini tulisema chungu. Nyungu mimi nilijifukizia tu nikiwa na homa. Siku ile hakuna mtu aliyezungumzia vyungu isipokuwa wewe."

Pascasie aliyaona makofi yake. Aliona alivyosimama mbele ya watu, mtu mzima, mama wa mtoto mkubwa, akashangilia kunyang'anywa. Na wale wengine nao! Walimsikia akisema nyungu, wakadhani ni Mkongo anaivunja inyungu. Kila mmoja alikubali alichokisikia yeye. Kuuliza si ujinga, lakini unaulizaje jambo unaloamini umelielewa?

"Usilie," Zipora alisema. "Fikiri. Wewe ulisema nyungu. Na za wagonjwa ukazitaja?"

"Nilisema ya wagonjwa mu kati."

"Na yeye akaitika?"

"Alisema ego, ego. Akanishika mukono."

"Basi naye amekubali asichokijua. Kwani Kiswahili ni cha mbwa, yeye asikisikilize? Nenda kwa mkuu wa kilima. Lakini utahitaji mtu anayejua lugha zote mbili, aliyekuwa karibu nawe, aseme ulitamka nini. Nani alikuwa karibu?"

"Baba Elda," Pascasie alisema, na alipolitamka jina hilo wazo baya lilimgusa. Lukeba alikuwa amevua na Warundi tangu ujana wake. Alitukana kwa Kirundi, aliota kwa Kirundi. Pascasie akalifukuza wazo hilo kama unavyomfukuza kuku jikoni, nalo kama kuku likabaki mlangoni.

*

Nyumbani Elda alikuwa amesonga ugali ukashika sufuria. Nywele za mtoto huyo hazikuwa zimesukwa tangu mashine ije. Alizifunga kwa kipande cha kanga na akaenda nacho shule, akachekwa. Lukeba alikuwa amevua buti na kuziweka juu ya kiti, yeye mwenyewe kakaa chini.

Pascasie alimweleza yote. Nyungu, inyungu, Zipora alivyocheka. Alijaribu kucheka naye kidogo, ili liwe jambo la kuchekesha. Lukeba hakucheka.

"Utakuja kusema kwa shefu," Pascasie alimalizia. "Utasema tu vile nilitamka. Hakuna kingine."

"Mie sikumbuki vile ulitamka."

"Ulikuwa pembeni yangu. Bega kwa bega."

"Kulikuwa makelele." Alimega ugali, akauangalia, akaurudisha. "Mama Elda, sikiliza. Nikisimama pale kusema patro hana haki, jioni nimefukuzwa. Ziwa bado. Unataka nirudi kukaa hapa, niangalie wewe unaleta chakula, jirani wanauliza Lukeba leo anashona nini? Mwezi huu tumekula nyama. Si tumekula?"

"Tumekula. Lakini tumekula pamoja siku gani?"

Lukeba akaisogeza sahani kando.

"Niambie. Siku gani mie na wewe na Elda tulikaa hapa watatu? Nikirudi wewe unaenda. Ukirudi mie niko mu zamu. Mutoto anaongea na sufuria."

"Hiyo haiwezi jaza tumbo."

"Na hiyo nyama ilimujaza nani? Wanasema mie niliwauza. Kila siku, pale kwa geti yako, mbele ya masikio yako, wanasema. Na wewe unafungua geti."

Elda aliinuka akaenda nje, ingawa hakuna aliyemtuma kitu. Lukeba alichukua buti zake akaanza kuzifuta kwa kitambaa, na zilikuwa safi. Pascasie alimwangalia akifuta. Alitaka kumpiga na alitaka kumwonea huruma, yote mawili kwa mkono mmoja, na kwa sababu haiwezekani akaenda kuosha vyombo.

*

Mkuu wa kilima aliitwa Kankindi, mwanamke mnene mwenye duka la vitenge, na siku ya shauri alikuwa anaumwa jino. Shavu moja lilikuwa limevimba na alikuwa amelifunga kwa skafu. Walikutana mchana katika darasa la shule ya msingi. Wanawake wa Dufatane walijibana kwenye madawati ya watoto, magoti juu. Roger alikuja na koti na tabasamu. Lukeba alisimama mlangoni na fimbo yake, kama mtu asiyejua kama amekuja kulinda au kulindwa.

"Semeni upesi," Kankindi alisema. "Kila neno linanipiga hapa."

Kusimama kulikuwa kugumu kuliko Pascasie alivyofikiri. Alishika ubao wa dawati. Akasema kwamba hakusikia inyungu. Alisikia nyungu. Kwamba alidhani wanazungumzia hivi vyungu vya mafuta, na kwa sababu hiyo alipiga makofi.

Darasa lilipasuka kwa kicheko. Walicheka mpaka madawati yakalia. Benedicte alilala kifudifudi juu ya dawati akipiga ngumi. "Sufuria! Alidhani sufuria!" Hata Kankindi alicheka, akashika shavu, akalaani. Pascasie alisubiri. Alikwisha kuitwa mwuzaji wa wenzake, sasa aliitwa mjinga, na alishangaa kuona kwamba ujinga ulikuwa mwepesi kubeba.

Kicheko kilipopungua alisema: "Chekeni. Lakini mie nilisema nyungu, na bwana huyu akasema ego. Nilisema na ya wagonjwa, akasema ego. Basi mbona Zipora, mwenye mutoto mudogo, ananyimwa?"

Roger alisimama kwa upole. Alisema kwa Kirundi, na Kankindi akatafsiri kwa kifupi, kwamba mama huyu ni mtu mzuri, amekosea, si dhambi, lakini biashara haiwezi kusimama juu ya kosa la masikio. Kila mtu mwingine alielewa inyungu. Mama huyu naye alisema inyungu, kwa lafudhi ya Kikongo tu. Leo anabadili maneno kwa kuwa zamu zimemchosha. Mashine haichoki, ndiyo maana watu wanaionea wivu.

"Patro," Pascasie alimkatiza, na sauti yake ilipanda bila ruhusa yake. "Serikali imefunga ziwa ili ndagala wapumzike. Ndagala! Samaki mudogo kama kidole. Wote tulikubali, hata sisi wenye tunakula huko, kwa sababu ukivua kila siku mwisho hutakuta kitu. Sasa ndagala anapumzika, na mie nisipumzike? Michikichi isipumzike? Ukinikamua kila siku, mwisho utakuta nini?"

Hakuna aliyecheka safari hii. Benedicte aliinua kichwa kutoka kwenye dawati.

Kankindi alimgeukia Roger. "Kiswahili unakijua?"

"Kidogo sana, shefu."

"Kwa hiyo ulimwitikia mtu usiyemwelewa."

"Nilielewa alivyofurahi."

"Hm." Alibonyeza shavu. "Mmoja anasema alitamka nyungu. Mwingine anasema alitamka inyungu. Mimi siku ile nilikuwa nyuma, sikusikia vizuri. Nani alikaa karibu na huyu mama?"

Vichwa viligeuka mlangoni kimoja kimoja. Lukeba aliviona vikigeuka. Roger naye aligeuka, bado anatabasamu, tabasamu la mtu anayelipa mshahara.

"Wewe, mlinzi," Kankindi alisema. "Lugha zote unazijua. Mkeo alisema nini?"

Lukeba akabadili fimbo mkono. Pascasie hakumtazama, alitazama ramani ya ziwa iliyochorwa ukutani kwa rangi ya buluu, ndefu na nyembamba. Alijiandaa kusikia kwamba kulikuwa makelele.

"Alisema nyungu," Lukeba alisema.

"Sema kwa sauti."

"Alisema nyungu. Ya mafuta. Akasema na ya wagonjwa mu kati. Hakusema inyungu." Alivuta pumzi. "Nilijua pale pale anakosea. Patro alikuwa anasema benefisi, yeye anajibu vyungu. Nilijua wote wawili hawasikilizani. Nikanyamaza."

"Kwa nini ulinyamaza?"

"Patro alikuwa ameniahidi kazi asubuhi ile."

Kankindi alisimama. Hukumu yake ilikuwa fupi, maana jino lilikuwa refu. Watu wawili wakisikia mambo mawili, hawakusikilizana; wasiposikilizana, hawakukubaliana, kwa hiyo hakuna makubaliano. Roger akitaka yaanze upya, wanawake wa Dufatane waseme masharti yao, kwa lugha zote mbili, na neno likirudiwa mpaka mjinga wa mwisho alielewe. Wanawake walisema hapo hapo, mmoja akimrukia mwingine: mashine izimwe jua likifika utosini. Nyungu kwanza, mapipa baadaye. Mwenye uzazi ahesabiwe. Roger alitoka nje kupiga simu, akarudi bila tabasamu. Tajiri alisema hapana. Mashine ingepakiwa jioni ile, kulikuwa na watu wa Muhuta wanaoisubiri.

Wengine walipiga vigelegele. Si wote. Mwanamke mmoja wa nyuma alitazama viganja vyake na kusema, "Na mikono yangu, irudi kwenye chuma?" nalo lilikuwa swali la haki. Pascasie hakupiga kigelegele. Benedicte alikuja akamkumbatia, akamwita dada, akaomba radhi kwa maneno mengi kama alivyotukana kwa mengi, na yeye alisimama ndani ya mikono hiyo mirefu bila kusikia hata moja.

*

Walirudi nyumbani pamoja, yeye mbele, Lukeba nyuma. Buti alikuwa amezirudisha. Alitembea pekupeku pembeni ya barabara.

"Ulijua," Pascasie alisema bila kugeuka.

"Nilijua."

"Tangu siku ile ile."

"Tangu ulifungua mudomo."

Walipita nyumba ya Zipora, mtoto analia ndani.

"Nilisema moyoni, acha, mambo itanyooka yenyewe," Lukeba alisema. "Halafu walianza kukutukana. Nikasema kesho nitamuambia. Kesho yake geti tena. Kila siku ilikuwa ngumu kupita jana. Nisamehe."

Lililomchoma Pascasie si kazi, wala posho, wala nyama. Ni kwamba alikuwa amepita kwenye geti lile jioni baada ya jioni akiitwa mwuzaji, na pale pale, umbali wa mkono, alisimama mtu aliyejua kwamba hakuuza kitu. Na leo mtu huyo huyo alikuwa amejinyang'anya tonge mwenyewe mbele ya kilima kizima ili kumsafisha. Ayaweke mizani gani moja mambo hayo mawili? Hakujua. Usiku huo walikula watatu, Elda katikati, na ugali haukushika sufuria, lakini hakuna aliyeusifu.

Asubuhi mashine ya mkono ilitolewa nyuma ya banda, ikasuguliwa majivu na kupakwa mafuta. Zamu ya kwanza ilikuwa ya Pascasie na Zipora. Pascasie alikuwa anatafuta nani amshikie upande wa Zipora, alipomwona Lukeba anaingia uani, kakunja suruali mpaka magotini. Akaenda moja kwa moja kwenye chuma, akakishika.

"Zamu ya mwenye uzazi nitafanya mie," alisema.

Wanawake walilipuka. Mwanamume, kwenye chuma cha Dufatane! Lukeba aliinamisha kichwa akasukuma kwa nguvu zake zote za kuvuta nyavu, akazunguka, akazunguka, misuli imemtoka shingoni, na tone hata moja halikudondoka. Benedicte aliziba mdomo kwa kanga. Wengine walikaa chini kabisa kwa kucheka. Alikuwa anazungusha kinyume; parafujo badala ya kushuka ilikuwa inapanda. Kila mtu aliona isipokuwa yeye, na wote wakamtazama Pascasie, ambaye mashine ile aliijua kuliko wote.

Pascasie alinyamaza. Alikunja mikono, akamwacha azunguke, akamwacha achekwe, jasho likamfika machoni. Lukeba aliinua uso mara moja, akamtazama, akaelewa kwamba kuna kitu anachokijua na hamwambii. Hakuuliza. Akainama tena akasukuma.

Hapo Pascasie akasogea, akashika upande wake wa chuma.

"Geuka, Baba Elda," alisema. "Hivyo unalegeza."